Difu ya Pikapu Siku ya Harusi Yangu

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua habari hii mmeshaisikia kwa watu wa Handeni wakiitia chumvi. Lakini mwenye aibu ni mimi na leo nitaisema mwenyewe, na nikifika katikati asiniambie mtu nipunguze hasira, hasira hii nimeitunza miaka yote na bado ni mbichi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa shamba la mkonge Korogwe, na serikali ilipoyachukua mashamba, meneja wetu, Mgiriki mmoja mpenda mbio, akafunga mizigo kurudi kwao akaniachia gari lake dogo la mashindano, jekundu, viti viwili, halina paa, limelala chini kiasi kwamba mbuzi akipita anachungulia ndani. (Waliniita kupe, waliniita bepari, na mshahara wangu waliujua. Niliwaacha.) Ubovu wake ulikuwa difu, lile tungi la chuma katikati ya ekseli ya nyuma lenye gia za kuzungusha magurudumu. Lilikuwa likilia tangu enzi za Mgiriki mwenyewe, na siku moja nikipanda kilima cha kwenda Kerenge likatoa mlio kama mtu anatafuna changarawe, meno yakang'oka, gari likasimama.

Nikayabeba yale meno kwenye kitambaa mpaka kwa Bwana Kanji, mwenye duka la spea pale Manundu. Akayapanga juu ya gazeti, akayageuza, akatikisa kichwa.

"Athumani, hii iko ya gari hii tu," akaniambia. "Hata Tanga hakuna. Mimi naagiza Mombasa. Wewe ngoja, usitie ya gari ingine, sikia?"

Nikangoja. Nikangoja mpaka nikawa nikipita dukani Kanji ananipungia mkono kwa mbali, bado, na huku harusi inakaribia. Nilikuwa namuoa Mwanaidi, binti wa Mzee Mhina wa Handeni, mzee ambaye hakuficha kwamba kwake dereva ni mtu wa njiani, kila kituo na mke wake, na mimi kwa ujinga nilishajitapa mbele ya ukoo mzima kwamba binti yao atatoka pale ndani ya gari ambalo Handeni hawajawahi kuliona.

Hapo ndipo akaingia shemeji yangu Mwinjuma, mume wa dada yangu, fundi wa Handeni mwenye maneno mengi kuliko spana. Alikuwa ameona pikapu iliyopinduka kule Kwamsisi, ya watengenezaji walewale wa gari langu.

"Matundu ya bolti yanalingana yote, shemeji. Difu ni difu! Kwani yenyewe itajua kwamba imetoka kwenye pikapu?"

Nikasema, "Haya." Neno hilo moja ndilo lililonimaliza. Tukalivuta gari mpaka Handeni kwa lori la shamba, nikamwachia.

Asubuhi ya harusi nikamkuta analifuta vumbi. Nikamuuliza, umelijaribu? Akaniapia kwamba amelinyanyua kwa jeki, akatia gia, na magurudumu yamezunguka vizuri kama feni. (Yamezunguka kwenda wapi? Hakuangalia! Fundi mzima na macho yake mawili!) Tena akasema petroli ni ya kubembeleza, tusiichome bure, tulisukume mpaka kwa mkwe. Tukalisukuma, mimi na kanzu yangu nyeupe, tukaliegesha mbele ya nyumba, nyuma yake kukiwa na jiko la shughuli, masufuria ya pilau juu ya mafiga.

Ndoa ikafungwa salama. Mwanaidi akatolewa na vigelegele, akakaa pembeni yangu, ngoma zinalia, hata katibu wa chama amesimama pale mikono nyuma, nami kwa mbwembwe nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Gari likaruka nyuma.

Watu wakacheka, nikacheka nao, nikadhani nimekosea gia. Nikatia ya pili, nikakanyaga mafuta nipate kutoka haraka kwenye ile aibu, na hapo ndipo likarudi nyuma kwa mbio zote za Mgiriki, akina mama wakatawanyika, kishindo, sufuria kubwa likapinduka na pilau yote ikamwagika kwenye majivu. Ashukuriwe Mungu hakuungua mtu.

"Athumani," Mwanaidi akaniambia chini ya ushungi, "unanipeleka wapi?"

Mzee Mhina akaja polepole, akainama mpaka usoni pangu. "Kijana, Korogwe iko mbele."

Na katibu naye hakuweza kunyamaza: "Wananchi, mmeona? Sisi tunasonga mbele, ubepari unarudi nyuma!" Kicheko kilichopasuka pale nakisikia mpaka leo.

Kumbe ile gia kubwa ya difu ya pikapu hukaa upande wa pili, kinyume na ya gari langu, kwa hiyo kila kitu kikageuka: gia zote za mbele zinarudisha nyuma, na rivasi ndiyo inayokwenda mbele. Mwinjuma alipong'amua akapaza sauti mbele za watu, bila haya, "Tia rivasi, shemeji, utakwenda mbele!" Nikatia, na kweli likaenda mbele, linalia wiii kama nguruwe. Mwanaidi akaniambia neno moja, "Nishushe," akapanda trela la trekta pamoja na shangazi zake, na mimi nikafuata nyuma yao nikimeza vumbi kwa gia ya rivasi, watoto wakinipita kwa miguu.

Kabla sijatoka nilimwona Mwinjuma amechuchumaa anakula pilau ya juu juu isiyoshika majivu. Nikamwambia niliyomwambia, siwezi kuyarudia hapa. Akalamba vidole, akanijibu, "Lakini si limetembea?"

Difu ya Kanji ilifika baadaye, ndiyo yenyewe, gari likaenda mbele kama mshale, lakini mke wangu hakulipanda tena hata siku moja, na baba mkwe mpaka anaingia kaburini alikuwa akiniona tu anasogeza kiti chake pembeni. Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: chombo chochote kitakachombeba mke wangu nitakijaribu kwanza mimi peke yangu, uwanjani, mahali pasipo hata na kuku.