Mashahidi wa Bi Time

Siku ya kwanza nilipoingia mahakama ya kadhi, Wete, kupiga taipu, karani mkuu alilitazama buibui langu, akaitazama mashine, akasema, "Haya, tuone." Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mawakili wote wanaume: wengine wa serikali, wengine wenye ofisi zao Unguja, wakija na meli kesi zikiiva. Ungetaja wakili mwanamke, watu wangecheka mpaka wakae chini.

Siku zile mwanamke aliyetawa ndani hakuwa akija mahakamani. Karani humfuata nyumbani, akamwuliza kupitia pazia, na jamaa wa kiume akathibitisha kuwa sauti ni yake. Jibu hilo tukiliita ikrari, na lilitosha kuhamisha shamba.

Bi Time wa Gando alikuwa kakaa eda ndani, kafiwa na mume. Kaka yake akaleta wakili, na ikrari ya kuwa dada kamwachia mikarafuu ya baba yao. Bi Time hakuwa na riziki nyingine. Kadhi hakuridhika, akaniita.

"Binti, wewe pazia halikuzuii. Nenda."

Nilipomsomea, Bi Time alishika kifua. "Si mie, mwanangu! Hapa hajaja karani. Labda kenda kwa kaka'ngu, kasema na mkewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Karani hakuwa mwizi. Alipelekwa kwenye nyumba, kaka mtu akamwambia huyu ndiye, angechungulia vipi? Nilimwonea huruma hata yeye.

Wakili alinicheka. "Shehe, tutahukumu kwa neno la mpiga taipu?"

"La," akajibu kadhi. "Lakini mwenye eda anakaa na nani? Wanawake wenziwe. Waje."

Walikuja majirani wanne, kwa miguu. Mmoja baada ya mwingine wakaapa kuwa siku iliyoandikwa kwenye ikrari walikuwa naye kutwa, wala hakuna mwanamume aliyebisha hodi. Wakili aliwauliza maswali mpaka akachoka yeye. Shamba likabaki kwa Bi Time, nami nikalia chooni kwa furaha.

Miaka ikapita, wakaja wanasheria wanawake. Wa mwanzo niliowaona waliwekwa ofisi za serikali, kuandika na kusajili. Kufungua ofisi zao kulichelewa sana. Sasa nimestaafu, na wakinijia huwaambia wasidhani wao ndio wa kwanza. Katika jalada la Bi Time, penye nafasi ya wakili, nilipiga taipu kwa mkono wangu: "Hana." Sijapata kuandika uongo mkubwa kuliko ule.