Kabla Sheria Haijapita

Kule kambini Tanzania, nilikokulia, baba alitusalimu "Amashyo", yaani alitutakia makundi ya ng'ombe, sisi ambao hata kuku hatukuwa naye. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwetu Buraza, ng'ambo ya mpaka, na kutembea asubuhi nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe, kwenye kilima cha baba yake.

Amani ilipokuja tukarudi. Mjomba wangu wa Gashoho, kule Muyinga, ambaye hakuwahi kukimbia vita, akampa baba ng'ombe mtamba mwekundu. Baba alimshika masikio.

Wiki hiyo hiyo tukaitwa mkutanoni. Bwana mmoja kutoka Gitega mjini akaeleza sheria inayopendekezwa: nchi ipunguze gesi zinazoipasha dunia joto, na kwa kuwa ng'ombe akicheua huzitoa, mifugo ipunguzwe, itakayobaki ikae bandani, na samadi iingie shimoni itoe gesi ya kupikia.

Baba akasimama. "Bwana mkubwa, ng'ombe wangu amefika juzi tu. Ameshachafua nini?"

"Tulia, muzee," akajibiwa. "Iko projet tu, muswada, bado haiyapita."

Mimi nilikuwa upande wa sheria, na bado niko. Mvua zimekuwa na kichwa kigumu, maharage yetu yameungua shambani nikiyatazama. Nilimwambia hivyo baba.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Basi nina haraka."

Tangu hapo alimtoa ng'ombe kila asubuhi, fimbo mabegani, akipanda polepole hadi kwenye jiwe kando ya njia. Pale alikaa kupumzika, na ng'ombe akamngoja. Nilimtania kwamba anashindana na wabunge. Aliwashinda: alifariki sheria ingali inajadiliwa.

Baada ya mazishi nilimfungia ng'ombe bandani, nikawa namkatia majani, kama sheria itakavyotaka. Lakini kila asubuhi nilikuwa namkumbuka baba. Nilijikuta nimesimama uani, natazama njia.

Jana nikashindwa kuvumilia, nikachukua fimbo ya baba, nikafungua banda. Ng'ombe akapanda mwenyewe, bila kuswagwa, nami nyuma yake, hadi kwenye jiwe, akasimama. Nilimpiga kofi mgongoni, hakusogea. Nilijua hakuna mtu wa kuinuka pale. Nikaweka fimbo chini, nikangoja naye.