Chumvi Chini ya Oili

Bisibisi iliingia kwenye chesisi kama inaingia kwenye kiazi kilichooza. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu yetu, uani kwetu Maisaka, na sikuwa nimetumia nguvu. Nilikuwa nagusagusa tu, kama ninavyogusa kila kitu kinachonitia hofu, na tazama, chuma kikakubali. Niliichomoa taratibu. Unga wa kahawia ukaniangukia shavuni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchicha.

"Umeona nini huko?"

"Tundu."

"Kubwa?"

"La bisibisi."

"Lilikuwepo, au umelitoboa wewe?"

Swali hilo lilinikaa kichwani siku mbili.

Mama anauza chumvi. Siyo ya pakiti. Ni ile ya ziwani, chini ya Mlima Hanang, ambayo kina mama wa kule huikwangua ziwa linapokauka pembezoni. Wafugaji huinunua mnadani kwa ajili ya ng'ombe. Hupakiwa ikiwa bado ina unyevu, na njia nzima mpaka Babati magunia yanachuruzika. Maji yale hupita kwenye maungio ya bodi na kushukia kwenye chesisi, ile mihimili miwili ya chuma inayobeba gari zima. Baba ndiye aliyekuwa dereva mpaka mgongo ulipomkataza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, barua zangu za kuomba kazi zinakwenda na hazirudi, basi usukani ukawa wangu.

Nilisomea kemia. Ninaweza kuandika mlinganyo wa kutu nikiwa nimefumba macho. Ndiyo maana kila tulipotoka ziwani nilikuwa nikisikia, au nikidhani nasikia, gari likiliwa.

Mama aliweka ungo wa mchicha chini. "Sikiliza. Kama chesisi imeoza, gari nampa dalali aliuze. Anapita hapa kila wiki kuniuliza. Siwezi kumpakia mwanangu na magunia ishirini juu ya kitu kilichooza, kikakatikia mteremkoni."

Tulijua wote wawili maana yake. Mjini Babati hakuna mwenye gari atakayekukodishia ukabebe chumvi. Wanaijua. Pikapu ikiondoka, na biashara ya Mama imeondoka, na wateja aliowajenga tangu mimi sijaanza shule wangenunua kwa mwingine mnada unaofuata.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema.

Gereji niliyoichagua ipo kwenye barabara ya kwenda Nakwa, uwanja wenye mabati upande mmoja tu. Fundi ni mzee wa makamo, mchomeleaji wa mageti na matela, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi mpaka viwikoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mama yako hajambo? Naona leo mmeniletea gari la chumvi. Nililinusa tangu kwenye kona."

Aliinua gari kwa jeki, akaweka magogo, akaingia chini na patasi. Chesisi ilikuwa imevikwa ganda jeusi, gumu kama lami. Alilikwangua, likabanduka vipande vipande. Chini yake chuma kilikuwa kimelowa. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wiki tatu hatujaenda ziwani, na chuma kilikuwa kimelowa, kina chembe nyeupe. Fundi aligusa kwa kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Nani alipaka oili hapa?"

Hapa kwetu kila mwenye gari la mzigo hufanya hivi: anachukua oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, anaipaka chini ya gari lote kwa brashi, kisha analipeleka kwenye barabara ya vumbi likimbie kidogo. Vumbi linashika kwenye oili, linakauka, linakuwa koti. Ni kinga nzuri. Nilikuwa nimeifanya mwaka uliopita, kwa mikono yangu, nikaenda nalo mpaka Sigino na kurudi, vioo nimevifunga, najisifu kimoyomoyo. Lakini nilikuwa nimeifanya siku ileile tuliyorudi ziwani. Niliogopa chumvi ikilala usiku mmoja itaanza kula. Kwa haraka hiyo sikuosha. Nilichukua maji ya chumvi, nikayafunika kwa oili na vumbi yasikauke, nikayaachia mwaka mzima yafanye kazi kwa utulivu.

Mwenye shahada ya kemia.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi alinitazama akiwa amelala palepale chini. "Basi umeitunza vizuri sana. Chumvi, yaani." Akacheka peke yake, halafu akaona uso wangu, akaacha. "Wewe si wa kwanza. Wengine wanapaka juu ya tope."

Mpango wake ulikuwa ule wa kila fundi: kukata pleti ya chuma, kuibandika juu ya sehemu iliyooza, kuchomelea pembeni, kupaka rangi. Kwa saa mbili tu kazi imekwisha. Hapo ndipo nilipokataa, na bado nashangaa nilivyokataa, maana mimi ni mtu wa kurudi dukani kuuliza kama chenji niliyopewa haikuzidi.

"Ukibandika juu, fundi, chumvi inabaki ndani. Itakula kutoka ndani, na safari hii hata bisibisi haitaiona. Tukate mpaka tufike chuma kizima. Halafu tuoshe ndani ya mhimili, siyo nje tu."

"Msomi, mhimili ni kama bomba, umefungwa. Utauoshaje ndani?"

"Una matundu ya kiwandani. Nitaingiza maji humo."

"Na chuma kizima utakijuaje? Utakipima damu?"

Hilo sikulijua. Na yeye, kwa kuwa ni muungwana, hakulifurahia sana. Alichukua nyundo ndogo, akagonga mhimili karibu na tairi la mbele. Ukalia, sauti nyembamba inayokwenda mbali kidogo. Akasogea nyuma, akagonga usawa wa ekseli. Ikatoka sauti ya kugonga gunia.

"Chuma kizima kinajibu," alisema. "Kilichooza kinanyamaza. Shika."

Nilishika. Niligonga chesisi nzima, kiganja kwa kiganja, asubuhi yote, nikiwa na chaki mkono wa pili, naweka duara kila paliponyamaza. Nilipomaliza fundi akaingia kukagua. Gari lilikuwa na maduara mpaka kwenye bampa.

"Msomi wetu amelitia ndui," aliwaambia vijana wa gereji waliokuwa nje. Kisha akaanza kupita duara moja moja, anagonga, ananitaka nisikilize, na penye uzima anafuta chaki kwa kidole gumba. "Hapa kinajibu. Hapa kinajibu. Hapa uliogopa tu." Alipofika mwisho yalikuwa yamebaki manne, yote nyuma, yote upande ambao magunia huchuruzikia zaidi. Manne yanatibika. Mihimili yenyewe ilikuwa bado na nguvu.

Mama alifika mchana na chakula chetu kwenye hotipoti. Nilimwambia kabla hajakaa, kwa sababu ningesubiri ningeanza kuyapamba maneno. Nilimweleza oili, na Sigino, na kwamba chumvi niliifungia mwenyewe.

Aliinama, akatazama chini ya gari. "Siku ile nilikuona," alisema. "Nikasema, huyu mtoto hata hajanawa, ameshaingia chini ya gari. Nikadhani ni bidii."

"Ilikuwa hofu."

"Najua sasa." Akafunua hotipoti. "Niambie jambo moja. Itabeba?"

"Itabeba."

Alingoja. Fundi naye aliacha kusaga chuma. Nadhani wote wawili walikuwa wanasubiri neno linalofuata, maana katika maisha yangu sijawahi kutoa jibu lisilo na "labda" au "ikiwa" nyuma yake. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimekigonga kila kiganja cha chuma kile. Nilijua.

"Haya," Mama alisema. "Kuleni, wali unapoa."

Fundi alikata sehemu nne mpaka kwenye chuma cheupe. Kabla hajachomelea chochote niliosha. Nilitumia maji ya mvua kutoka kwenye tenki letu, kwa kuwa ya kisima chetu nayo yana chumvi yake, na bomba jipya la mgongoni, lile wanalopulizia dawa shambani. Nilichomeka mpira wake kwenye matundu ya mhimili, napampu mpaka bega linawaka. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya rangi ya chai, mwisho yakatoka masafi, nami nikarudia mara mbili zaidi kwa sababu ndivyo nilivyo. Gari liliachwa juani siku mbili. Ndipo fundi akachomelea vipande vipya, tukapiga brashi ya waya na msasa, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, na baada ya hapo oili. Oili ile ile chafu. Kosa halikuwa lake.

Kwenye bodi niliweka chaga ya mbao, na chini yake nikatandika turubai iliyokunjwa kingo juu, na mpira mmoja wa kutolea maji nyuma kabisa, yamwagikie barabarani mbali na chuma.

Dalali alikuja Ijumaa. Mama hakumkaribisha kiti. "Gari lina kazi," alimwambia, akaendelea kushona midomo ya magunia.

Safari ya kwanza tulipakia ishirini. Mama alikaa pembeni yangu, mkoba mapajani, akitazama mbele. Kabla ya mteremko nilisimama, nikashuka, nikagonga sehemu zote nne, nikarudi kwenye usukani. Tulishuka gia ya pili, magunia yametulia, na kwenye kioo niliona maji ya chumvi yakichora mstari mmoja mwembamba barabarani nyuma yetu.

Siku hizi tukifika nyumbani hakuna anayeingia ndani. Magunia yanashushwa, chaga inatoka, Mama mwenyewe anachota maji tenkini, na mimi naingia chini na bomba. Oili inapakwa kesho yake, chuma kikishakauka. Halafu nachukua nyundo, nagonga mhimili mzima kutoka mbele mpaka nyuma. Nafahamu kwamba si lazima kila safari.

"Kinasemaje?" Mama huuliza kutoka jikoni.

"Kinajibu."

"Basi njoo unawe."