Barafu ya Jumatatu

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata sukari ikiisha nyumbani mapema, wa kwanza kumshuku ni jirani. Kwa hiyo majaribio yangu yalipoanza kuharibika kila Jumatatu, pale maabara ya Mazimbu, sikuhangaika kumtafuta adui; nilikuwa naye tayari.

Kazi yangu ilikuwa kutumia kimeng'enya kuunganisha polima tuliyoitengeneza wenyewe na chembe za dhahabu, ndogo hata jicho halizioni. Kimeng'enya ndicho fundi: kikiwa kizima, vitu hivyo viwili vinashikana, kikiharibika, kila kimoja kinabaki kivyake. Shahada yangu nzima ilitegemea kushikana huko. Siku nyingine mambo yalikwenda vizuri tu. Jumatatu, hapana.

Funguo za maabara na friji alikuwa nazo mzee mmoja, mtumishi wa maabara, Mluguru wa huko juu milimani. Mwisho wa wiki aliingia peke yake. Nilitaka ushahidi gani tena? Nikaacha hata kumwamkia. Kisha nikaenda kwa mkuu wa idara, nikasema mzee anachezea sampuli zangu. Funguo zikahamia kwangu.

Jumatatu iliyofuata, funguo nikiwa nazo shingoni tangu Ijumaa, jaribio likagoma tena.

Nilibaki nikivikodolea macho vichupa vyangu vilivyokuwa vikielea kwenye barafu iliyoyeyuka. Mashine ya barafu ya maabara ilikufa zamani, kwa hiyo nilibeba ya nyumbani kwetu, Bigwa, kwenye kopo la jikoni. Mzee alipita na ndoo yake, akasimama, akainama kulinusa lile kopo.

"Hili mnatilia nini nyumbani?"

"Nyama, kila Jumapili. Tunailaza na papai bichi."

"Ili ilainike."

"Ndiyo."

"Na hicho kimeng'enya chako si protini, kama nyama?"

Akainua ndoo yake, akaenda zake. Kopo nilikuwa nalisuuza mbiombio tu, na kila nilipofungua vifuniko kwa vidole vilivyolowa, maji yake yaliingia ndani. Utomvu wa papai ulikuwa unamla fundi wangu, na mimi ndiye niliyeuleta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilikwenda kwa mkuu kufuta maneno yangu. Kisha nikamfuata mzee, nikampa shikamoo ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikamkabidhi funguo zake kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema.

Akazihesabu mbele yangu, moja moja. Akanitazama, akazihesabu tena.