Magongo Si Kama Mpira

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na mada ya mdahalo: mchezo upi unamchosha mchezaji zaidi, magongo au mpira wa miguu? Alijua kuwa mimi nilicheza magongo usichanani, basi akaketi na daftari lake akingoja nimpe hoja. Nikamwambia naenda kuangalia mchuzi. Mchuzi wenyewe nilikuwa nimeshauepua. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikasikia harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, ilhali mtaa ninaokaa sasa hauna mtu anayejua korosho isipokuwa ya kununua dukani.

Nyumba yetu ilikuwa Kibarani, Kilifi, miaka ya themanini. Tulikuwa wanne: mama, bibi aliyemzaa mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume niliyempita kwa mwaka mmoja na nusu. Mama alibangua korosho kiwandani. Kama umewahi kuishi na mbanguaji wa korosho, unavijua vidole vile. Mafuta ya ganda huichoma ngozi ikawa nyeusi, ikabanduka, ikaota nyingine, nayo ikachomwa. Jioni hakuweza kushika sima ya moto, kwa hiyo bibi alimkatia matonge na kuyapuliza yapoe. Tulikula sima kwa mchunga, na mboga ile ni chungu, wewe unaijua, lakini mimi na mdogo wangu hatukuusikia uchungu kwa sababu tulikuwa tunabishana.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja miaka yote. Yeye alikuwa mshambuliaji wa timu ya mpira ya shule, mimi nilicheza magongo na wasichana wenzangu. Nilimwambia mpira ni matembezi: mtu anakimbia kidogo, kisha anashika kiuno kungoja mpira urudi upande wake. Magongo unakimbia umeinama, kama mtu anayepalilia huku anafukuzwa na nyuki. Unatoka mbio, unasimama ghafla, unageuka, unatoka tena, na mapaja yanawaka moto. Yeye akisema mbio za kuinama si mbio. Nijaribu kukata uwanja mzima peku, juani, tena niruke kupiga kichwa na mabeki wawili wamenilalia mgongoni. Bibi, mtu wa Rabai asiyependa maneno mengi, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nguvu hizo mngelimia, tungekuwa na mahindi."

Alipokuwa kidato cha pili, magoti ya mdogo wangu yalivimba. Maumivu yakahama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko, na homa juu yake. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi, akasema ni baridi imeingia viungoni. Uvimbe ukaondoka, lakini pumzi haikurudi. Akitoka bombani na ndoo moja, alipumzika mara mbili njiani. Zahanati ikatuandikia barua ya hospitali, Mombasa. Mama hakuweza kukosa kazi, maana aliyekosa siku moja alikuta mwingine ameketi mahali pake. Nikampeleka mimi.

Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, kisha akaniita kando kana kwamba mimi ndiye mzazi. Alinieleza kuwa homa ile ya viungo imeacha jeraha moyoni, na mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa. Akanipa barua ya hospitali ya Kilifi, apigwe sindano huko kila mwezi bila kukosa. "Na asikimbie," akasema. "Si mpira tu. Mchezo wowote wa mbio. Mwambie mama yako hivyo hivyo."

Mdogo wangu aliyasikia yote nyuma ya pazia. Tulipokuwa tunangoja feri ya kuvuka kuingia Kilifi, nilimpa muhogo wa kuchoma uliotiwa pilipili na ndimu, akaushika tu mpaka ukapoa.

"Dada," akasema, "mwambie mama mpira. Mpira peke yake."

Akaniambia kuwa nikisema yote, atakaa barazani na bibi mpaka azeeke. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani moyo hupona kama goti linavyopona. Tulipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba daktari amesema apigwe sindano kila mwezi na asicheze mpira. Mama akamshukuru Mungu kwa kuwa ni hayo tu.

Wiki ya tatu mdogo wangu alijiunga na magongo. Mwalimu wetu, aliyefundisha wavulana na wasichana pia, alijua habari za ugonjwa wake nusunusu. Akaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikasema wanajua. "Basi si neno," akasema, "magongo si kama mpira, hayana mbio nyingi." Na mimi niliyeshinda miaka nikibisha kinyume chake, nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Sitakuficha, nilifurahi. Kabla ya mazoezi tuliokota mawe uwanjani pamoja, maana mpira wa magongo ukigonga jiwe huruka ukatafuta meno ya mtu. Nilimfungia gongo lake kwa mpira wa ndani wa baiskeli lisimteleze mikononi. Alijifunza upesi. Aliinama na mpira umeganda kwenye gongo, watu wakampisha wenyewe.

Lakini mwezi haukuisha. Jioni moja tukirudi nyumbani aliketi ukingoni mwa njia, penye mkonge, midomo imepauka.

"Ulikuwa ukisema kweli," akasema. "Mpira nilipata pa kupumzika. Huku hakuna. Nikiinama, pumzi inakwama hapa."

Nikamwambia aache, au akae golini. Golini hataki. Ataacha, akasema, tukishacheza Malindi. Tulipofika nyumbani mama alikuwa anapaka vidole vyake mafuta. Ningeweza kumwambia pale pale. Nikala, nikalala.

Malindi tulikwenda kwa lori la shule. Wasichana tulicheza kwanza, kisha nikasimama kando ya mwalimu kuwatazama wavulana. Kipindi cha pili mdogo wangu aliketi chini katikati ya uwanja, taratibu, kama mtu aliyefunguka kamba ya kiatu, gongo mapajani. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Mwalimu akaniuliza, "Ana nini?" Nikasema amechoka tu. Akainuka, akatupungia mkono, akakimbia tena.

Wakati wa kurudi hakuweza kulala wala kuegemea. Aliketi ameinamia mbele, akikohoa, na povu alilotema kwenye kitambaa changu lilikuwa na rangi ya waridi. Tulimpeleka moja kwa moja hospitali ya Kilifi. Alifariki siku ya nne, asubuhi, nikiwa nimekwenda kumletea uji.

Siku moja kabla, daktari wa pale alisoma barua ya Mombasa, akamuuliza mama kama hakuambiwa kuwa mtoto huyu hakutakiwa kukimbia kabisa. Mama akanigeukia.

"Uliniambia mpira."

"Ndiyo, mama."

Akamfunika mdogo wangu miguu. Niliingoja laana, nikakingoja kipigo. Havikuja, si siku hiyo wala baadaye.

Ukienda Kilifi leo, feri haipo, pana daraja. Kiwanda kimefungwa, na uwanja ule una nyumba za watu na kuta zenye vigae vya chupa juu yake. Bibi alimfuata mjukuu wake mwaka uliofuata. Magongo sikuyashika tena.

Katika matanga ya mdogo wangu wanawake walimuuliza mama ni nini kilichomuua kijana, nami nikiwa pale namimina kahawa. "Mpira," akajibu. "Alikatazwa, akacheza kwa siri." Aliwaambia hivyo majirani, akawaambia wakwe zangu, akamwambia mume wangu, akawaambia wajukuu. Siku zake za mwisho nilipiga magoti kando ya kitanda nikaanza kusema lile ambalo sijawahi kulisema. Aliniwekea vidole midomoni, vidole vile vyeusi visivyopata kutakata hata baada ya kiwanda kufungwa.

"Ni mpira, mwanangu," akasema.

Tukamzika Ijumaa. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alininyamazisha.