Tano Niliyoiandika Moja

Nimekosa, tena nilikosa kwa makusudi. Msinitafutie kisingizio.

Miaka ya sabini, fundi cherehani mmoja wa soko la Kibondo alinichumbia. Wazazi wakakubaliana, mahari ikatajwa. Akaenda Mabamba kununua maharage, akarudi na mke! Nikawa kichekesho cha kisimani. Niliapa mwanamume yule atalia.

Nafasi ikaja yenyewe. Mama mmoja mtafiti alifika zahanati na madodoso ya watu wazima walio kwenye ndoa. Tendo la ndoa linakuridhisha? Mwenzio anakujali? Unaona raha au unavumilia tu? Jibu lilikuwa namba: moja ni hapana kabisa, tano ni sana. Wengi hawakujua Kiswahili, hivyo mimi niliyekuwa mhudumu pale nikapewa kazi ya kuwasomea kwa Kiha na kuwaandikia majibu. Nilikula kiapo cha siri.

Siku ya tatu akaketi mbele yangu yule mwanamke wa Mabamba, mpole, kanga ameivuta hadi mdomoni kwa haya. Kila swali alisema tano. Nikafika la mwisho, nikiomba moyoni abadilishe. "Tano," akasema, akacheka kidogo.

Kwa kicheko kile nikairudia karatasi toka juu, nilikuwa sijaijaza! Nikaandika moja. Moja, moja, moja, mpaka chini ya karatasi.

Waliokuwa na moja nyingi, yule mtafiti aliwaita waume zao kuwashauri. Fundi akaitwa bila mkewe, akasomewa zile moja. Nilimwona akitoka, kofia mkononi, hajui ageukie wapi. Nilifurahi, sitawaficha.

Nyumbani hakumuuliza mkewe neno. Mwanamume gani angetamka jambo lile? Wiki hiyo hiyo akamrudisha kwao.

Yule mwanamke alinipitia zahanati, furushi kichwani.

"Dada, wewe ndiye uliyenisomea," akaniambia. "Mume wangu hasemi kosa langu. Labda nilijibu vibaya mahali. Nilisema tano zote, sivyo?"

Nikamwambia sikumbuki. Akanishukuru, akaenda zake.

Mwaka uliofuata fundi alirudi kwetu kunitaka, nikakubali, nikajiona mshindi. Tukahamia Kasulu. Lo, nilichokipata! Mtu alikuwa ameshavunjika. Ile karatasi aliingia nayo kitandani mwetu. Akinigusa anaogopa, akimaliza ananiomba radhi, kisha anageukia ukutani. Ni hivyo miaka yote hii. Na kumwambia ukweli sithubutu, maana ataniacha, nami nimeshazeeka.

Yeye simwonei huruma, hata leo. Alinidhalilisha, na amelipa. Anayeninyima usingizi ni yule dada, aliyeondoka akidhani kosa ni lake.

Ninyi mnaokabidhiwa siri za watu mziandike, andikeni mlichoambiwa, hata kama kinawachoma. Yule mtafiti angerudi leo na maswali yake, ningejibu moja kila mstari. Na safari hii nisingekuwa nadanganya.