Mshale wa Nguma

Gershom Nguma alikuwa polisi, na hapo ndipo masaibu yake yalipoanzia. Mwenyewe alikuwa Mrabai mpole, apendaye nyaya na betri kuliko rungu. Lau wangalimwacha na chaja zake katika chumba cha redio, pale kituo cha Kwa Mwinyihaji huko Likoni, angalistaafu hajamuudhi hata paka. Hawakumwacha. Walimletea kimashine.

Mwaka huo wa tisini na tatu kituo kilikuwa kimeibiwa redio moja ya mkononi, zile za askari kuitana. Mwizi mwenyewe, baradhuli mkubwa, hakuiuza. Kila mchana aliiwasha, akabonyeza kidude cha kusemea, akapiga mluzi. Inspekta Fondo, mkuu wa kituo, akisema "Nendeni kivukoni," mluzi. Akiita gari, mluzi. Askari wakawa wanacheka na kofia zao usoni, na hilo ndilo lililomkata maini Inspekta, wala si redio.

Basi kikaletwa kimashine cha kupima mawimbi. Kilikuwa kijisanduku cha kushika mkononi, antena mbele, na kioo kidogo chenye mshale ndani. Mwenye redio akisema, mshale unapanda, na ukimkaribia unapanda zaidi. Akinyamaza, mshale unalala. Nguma ndiye aliyefundishwa kukitumia, na tangu siku ya kwanza alisema kweli yote.

"Afande, hiki humsikia anayesema tu. Tena mabati hukivuruga. Kikijitahidi sana kitatufikisha kwenye nyumba. Chumba hakikijui."

"Wewe tembea," Inspekta alimjibu. "Maneno baadaye."

Nguma akatembea, jua la Likoni likimchoma utosi. Mluzi ukilia, mshale unapanda, naye mbio. Akifika, lo! Ni banda la mabati la muuza makaa, mawimbi yamegonga pale yakarudi. Alilizunguka banda hilo hadi mwenyewe akachoka kumtazama. "Bwana askari," akamwuliza, "wataka makaa au wamposa mwanangu?" Nguma hakucheka. Miguu ilikuwa imemvimba, na kituoni alikuwa anangojwa kwa matusi.

Siku moja, hata hivyo, mshale ulipanda ukagota mbele ya nyumba ya Bi Mwanasaumu, ukakataa kushuka. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo zote pale, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake. Nguma akaita wenzake, na Inspekta Fondo akaja mwenyewe na askari. Mluzi ulikuwa ungali unalia, wausikia redioni.

Sasa hapo, mtu wa bara angepiga mlango teke. Fondo na Nguma walikuwa watu wa pwani, na ndani mlikuwa na wanawake. Wakabisha hodi.

"Hodi!"

"Karibuni, baba zangu. Ngojeni kidogo tujifunike," akajibu Bi Mwanasaumu.

Wakangoja, waungwana kabisa, bunduki mabegani. Huko ndani mluzi ukakatika. Mshale ukalala chali. Na mlango wa uani, jamani, mlango wa uani hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwenda kuusimamia!

Walipokaribishwa, Nguma alipita ukumbini na kimashine chake kimya.

"Chumba kipi?" Inspekta akauliza.

"Sijui, afande. Amenyamaza."

Inspekta akafungua milango mwenyewe. Katika chumba kimoja alimkuta Faki Boga, fundi wa redio, kaketi mkekani katikati ya redio za watu zilizofumuliwa matumbo. Redio ya polisi haikuwamo. Walipekua mpaka chini ya godoro, haikuwamo.

"Huyu," Inspekta akasema. "Mashine imemwonyesha."

"Wallahi si mimi!" Faki akamgeukia Nguma. "Bwana, sema wewe mwenye mashine. Imenionyesha mimi?"

Nguma alifungua kinywa. Inspekta alikuwa anamtazama.

"Imeonyesha nyumba hii," akasema, na akaangalia chini. Alijua hakujibu alichoulizwa. Faki akatiwa pingu mbele ya mkewe.

Tangu siku hiyo redio ilinyamaza, na Inspekta akawa anatembea kifua mbele. "Umeona? Tumemkamata, kimya. Jumatatu anakwenda kortini."

"Afande, kimya ni kwa sababu betri imekwisha. Chaja zake ziko hapa kituoni tu."

"Nguma, umekuwa wakili wake?"

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Redio ikilia ni Faki, isipolia ni Faki. Nguma alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula. Kila adhuhuri Mwanatatu, mkewe Faki, alikuja na bakuli la chakula lililofunikwa kawa, akasimama kaunta mpaka wamruhusu. Siku moja akamwuliza Nguma, tena kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomuumiza.

"Kaka yangu, hicho kimashine chenu chaweza kuonyesha kuwa mtu hana makosa?"

"Hapana, dada. Hakiwezi."

"Basi chawafaa nini?"

Nguma akajipa kazi ya kupanga betri zilizokwisha pangika. Jumatatu ilikuwa inakuja mbio. Mume wa watu angefungwa kwa mshale aliokuwa ameushika yeye.

Jumamosi mchana, Nguma akinywa chai ya rangi, redio ya kaunta ikapiga mluzi. Mluzi ule ule! Chai ikamwagika suruali nzima asijali. Akakimbilia chumba cha chaja, akazikagua betri moja moja, na hiyo hapo, iliyokufa kabisa, ina alama ya kuungua aliyoitia yeye mwenyewe zamani kwa chuma cha kulehemu. Ilikuwa betri ya redio iliyoibiwa. Mtu ameirudisha, akachukua iliyojaa. Nguma aliibusu, wallahi aliibusu, akaenda nayo mbio kwa Inspekta.

"Afande, Faki yumo seli na mluzi unalia! Na betri hii imebadilishwa humu humu kituoni. Mwizi ni mwenzetu, afande. Faki hana makosa!"

Inspekta Fondo akaigeuzageuza betri. Hakuonekana kufurahi wala kukasirika.

"Ufunguo wa chumba cha chaja ni wa nani?"

Kila mtu kituoni alijua ufunguo ule ulining'inia msumarini nyuma ya kaunta. Dereva aliuchukua, mfagiaji aliuchukua, Inspekta mwenyewe aliuchukua. Ila kwa jina uliitwa ufunguo wa Nguma.

"Wangu, afande. Lakini hukaa msumari–"

"Nimeuliza wa nani."

"Wangu."

"Ndiyo maana," Inspekta akasema polepole. "Kila siku mashine haijui chumba. Kila siku mabati. Kila siku unamtetea fundi wa watu. Ndiyo maana. Mvueni mkanda."

Nguma alicheka, akidhani ni mzaha. Wakamvua mkanda, wakamvua na viatu.

Mlangoni mwa seli walipishana, yeye akiingia, Faki akitoka.

"Si mimi," Nguma akamwambia. "Naapa, si mimi."

"Nami nilisema hivyo hivyo," Faki akajibu. Hakumtukana. Alifunga vifungo vya shati akatoka, na bakuli alilokuwa amelileta Mwanatatu adhuhuri hiyo likabaki kaunta, kwani sasa mumewe angekula nyumbani. Mwanatatu aliligusa kama atalibeba, kisha akaja nalo mpaka kwenye nondo.

"Kula. Nilishapika."

Kulikuwa na mihogo ya nazi na samaki. Nguma alikaa kwenye sakafu ile ile aliyokalia Faki, akamega, machozi yakimtoka bila haya. Tonge la pili halijafika kinywani, kule kaunta redio ikapiga mluzi.

Akaruka, bakuli likapinduka, akashika nondo kwa mikono miwili. "Mmesikia? Afande! Mimi nimo humu! Nimo humu, mluzi unalia!"

Kisha akaisikia sauti ya Inspekta Fondo, imetulia kabisa, ikimwambia askari wa kaunta:

"Ana mwenzake. Chukua kimashine."